Mwenyewe Hapendi

Ulipofika kwa Mama Maziwa hukukaribishwa kiti, ulikaribishwa maji ya kunawa. Ndoo ilikaa mlangoni mwa banda, na sabuni ilifungwa kwa kamba kwenye mti wa uzio ili kunguru wasiibebe. Yeye alisimama pembeni akikutazama vidole. Uwe mkwe, uwe mjumbe, uwe bwana mifugo aliyetoka wilayani kwa pikipiki, ulinawa mpaka aridhike. "Ng'ombe hajui cheo chako," alikuwa akisema. "Anajua uchafu wako tu."

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Pale Msimbu hata watoto waliotumwa chumvi walielekezana njia kwa banda lake: pita kwa Mama Maziwa, kata kushoto. Sisi tulipakana naye ua kwa ua mpaka nilipoolewa nikahamia Tumbi, na hata baada ya hapo simu yangu haikukauka sauti yake. Sasa nina ng'ombe wawili nyuma ya nyumba. Karibu kila ninalojua kuhusu ng'ombe limetoka kwake, pamoja na mambo mawili matatu ambayo heri nisingeyajua.

Ameshatangulia mbele ya haki. Lakini mara nyingine nimeinama bandani nakamua, nasikia mdomo wangu wenyewe unasema, "Acha hiyo, mwenyewe hapendi." Mume wangu huuliza, "Mwenyewe gani?" Mimi humjibu kuwa ni maneno tu. Namdanganya. Si maneno tu, na nikishayasema huwa sipendi kutazama nyuma yangu.

Neno hilo lilikuwa lake. Ukiingia bandani na fimbo: "Itupe hiyo, mwenyewe hapendi ng'ombe wake apigwe." Ukitaka kuwapa majani yenye umande: "Yaache yanyauke kwanza, mwenyewe hapendi, watavimba matumbo." Wageni walidhani yuko mtu ndani ya nyumba, labda mume aliyelala kitandani anaumwa, na wakiondoka walisema kwa adabu, "Tusalimie mwenyewe." Naye alijibu bila kupepesa jicho, "Salamu zimefika."

Aliyeteswa zaidi na neno hilo ni mzee mmoja wa Mzenga. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya kufuma, na alimpenda mtamba mmoja wa pale, ng'ombe jike mchanga, kama vijana wanavyopenda binti wa watu. Kila msimu alikuja. "Shikamoo" hawakupeana, maana walikuwa rika moja. Walijuliana hali, wakaulizana mvua, kisha mzee akakohoa. "Na yule mtamba, mama?"

"Ngoja nimuulize mwenyewe."

Alizunguka nyuma ya banda, akakaa huko kidogo, akarudi. "Mwenyewe kasema bado."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaaga, akaenda zake, na msimu uliofuata akarudi tena. Nilidhani ni ujanja wake wa kibiashara, namna ya kukataa bila kumuudhi mteja. Nilidhani hivyo mpaka siku moja nilipokuja kusalimia, nikaomba samadi kwa ajili ya mchicha wangu, nikawa nimechuchumaa nyuma ya banda najaza kiroba. Mzee wa Mzenga alikuwa mbele. Mama Maziwa akaja nyuma, hakuniona. Akasimama mbele ya nguzo ya kona, penye msumari, na kwenye msumari palikuwa na upande mmoja wa kanga, umechakaa, umeliwa rangi. Akaushika pindo. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi imo, "Yule mzee kaja tena. Tumpe?"

Akanyamaza. Hapakuwa na upepo. Kisha akacheka kidogo puani. "Haya, mimi namwambia."

Kuzungumza na marehemu si jambo la ajabu kwetu, nani hajasimama kaburini akamwambia mama yake habari za watoto. Kilichonitisha ni kwamba alisubiri jibu, na kwa uso wake ulivyokuwa, alilipata. Nilibaki na kiroba changu mpaka miguu ikafa ganzi.

Mwenyewe alikuwa binti yake.

Ng'ombe wale walikuwa wa binti. Aliachika, akarudi nyumbani kwa mama yake na mtamba mmoja aliyempata kwenye kikundi cha akina mama, na kijiji kizima kikapata la kusema. Mzaramo na ng'ombe wapi na wapi? Ng'ombe ni wa Wasukuma, ng'ombe ni wa Wamang'ati, sisi tuachieni mihogo na nazi zetu. Walisema na mengine, kwamba mwanamke aliyeshindwa na mume ataweza fahali? Binti hakubishana na mtu. Alikwenda Kisarawe mjini, akarudi na doti ya kanga iliyoandikwa SEMENI MPAKA MCHOKE, akajifunga upande mmoja, akajitanda wa pili, akapita njia kuu na debe la majani kichwani. Wiki hiyo hiyo mtamba wake akazaa ndama jike. Ndama akaitwa Semeni.

Nilimjua binti huyo vizuri, tulichota maji pamoja. Alikuwa na kicheko cha kuambukiza na mkono mwepesi. Alimlea Semeni kama mtoto wa chupa, na Semeni naye alipokuja kuzaa, akawa hashushi maziwa kwa mtu mwingine ila kwake. Binti alimwegemea ubavuni, akamwambia polepole, "Shusha, bibi, shusha," na maziwa yakaja.

Kisha aliugua homa, muda mfupi, akafa. Sina zaidi ya hapo la kueleza, na mama yake hakuwahi kulieleza hata kwa kiasi hicho.

Siku ya mazishi, upande mmoja wa doti ile ulifunika jeneza, wanawake wakaukunja ili maandishi yawe kwa ndani, maana ilikuwa aibu kumsindikiza maiti kwa kijembe. Upande wa pili ulibaki mikononi mwa mama yake. Na kwa kuwa msiba wa kwetu haukosi watani, mtani wa ukoo, mama mmoja Msukuma mwenye mwili na sauti, akaingia bandani akitangaza kuwa amekuja kuchukua urithi, hawa Wazaramo watawalisha ng'ombe kisamvu. Watu wakacheka na machozi yao. Mtani akakwapua ile kanga. "Na hii yangu! Nikombolewe!" Kwa desturi unamkomboa mtani kwa kitu chochote, sahani ya pilau, kuku, mnaishia kucheka. Mama Maziwa hakucheka. Aliishika kanga upande wa pili akavuta, mtani akavuta, na yule mama Msukuma ghafla akaona macho yake, akaiachia. "Samahani, mtani wangu," alisema kwa sauti ndogo. Sijawahi kuona mtani akiomba samahani msibani, si kabla wala baada.

Arobaini ilipofika nguo za marehemu ziligawiwa sadaka, kama inavyopasa. Upande ule haukutoka. Ndugu walimsema. Yeye alikuwa akijifunga maandishi yakiwa nyuma, kiunoni, kila mtu anasoma: semeni mpaka mchoke. Wakachoka.

Sitaki mumdhanie mtu wa huzuni aliyekaa kitako. Alikuwa mkali, mcheshi, mmbea wa kutosha, na alipenda kutabiri ndoa za watu zitavunjika lini. Aliogopa kuku. Mtu aliyeweza kuingiza mkono kumgeuza ndama tumboni alikuwa akirukia kiti akiona jogoo. Wala hakunywa maziwa. Chai yake ilikuwa ya rangi, tena chungu, na ukimwuliza alisema, "Mimi nayajua yanakotoka."

Ushauri wake ulikuja na matusi madogo madogo. Nilipopata ng'ombe wangu wa kwanza nilimpigia simu kumwuliza nimpe nini ili maziwa yaongezeke, nikitarajia atanitajia dawa.

"Maji umempa?"

"Nampa, mama. Asubuhi na jioni."

"Wewe unakunywa asubuhi na jioni tu? Maziwa ni maji, mwanangu, yamepitia kwa ng'ombe. Weka ndoo isikauke, kisha ndiyo unipigie."

Nikaweka, na maziwa yakaongezeka, na nilipompigia kumshukuru akaniuliza kama nimeshafagia hori, maana pumba ya jana ikichacha chini, ya leo juu yake haina faida. Majani ya tembo alitaka yakatwe yakiwa bado laini, yafike kiunoni au kifuani, si marefu ya kujengea kibanda. Mashudu na pumba alimpa kila ng'ombe kulingana na anachotoa. "Mfanyakazi analipwa kwa kazi," alisema, ila mwenye mimba kubwa alimwongezea hata akiwa hatoi kitu. Miezi miwili kabla ya kuzaa alimkausha, akaacha kabisa kumkamua, hata wateja wakilia mlangoni. Ndama akizaliwa haukupita muda kabla hajanyonya dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo. Ukimwambia mila inasema yamwagwe, alikuuliza kama mila ndiyo itakayomzika ndama.

Alikuwa na macho ya kumjua ng'ombe anayetaka dume kuliko nilivyojua habari zangu mwenyewe. "Usimtazame anayepanda wenzake, huyo anaweza kuwa ana wazimu wake. Mtazame anayepandwa akatulia. Huyo ndiye. Mwite mhimilishaji aje na mbegu siku hiyo, usingoje kesho ukamkuta amepoa." Na kupe! Kupe aliwachukia kwa roho. Ndigana, homa wanayoileta, iliwahi kumchukulia ndama, na tangu hapo siku ya kuogesha dawa ilikuwa kama siku ya kura, hatoki mtu mpaka kila sikio limeinuliwa na kila mkia umetazamwa chini.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa kiwele. Hapo alibadilika, mizaha ikaisha. Nawa. Osha chuchu kwa maji ya vuguvugu. Kausha kwa kitambaa, na kila ng'ombe na kitambaa chake, usithubutu kuvichanganya, vichemshwe, vianikwe juani. Mikamuo ya kwanza itoe kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi juu. Ukiona vibonge vyeupe, huyo anaumwa, na anayeumwa anakamuliwa mwisho ili mkono wako usiwabebee wenzake. Nilikuwa naweza kuyakariri hayo kama mtoto wa madrasa.

Na ndani ya banda hilo hilo, mbele ya macho yetu sote, Semeni alikuwa akikamuliwa wa kwanza, siku zote, maana ni ng'ombe wa mwenyewe. Na alikuwa akikaushwa kwa pindo la ile kanga.

Ilianza wiki ya msiba. Semeni alikuwa na maziwa, kiwele kimejaa, na hataki mtu. Alipiga ndoo teke, akayabana maziwa juu. Mama Maziwa alimwimbia, akampa pumba, akambembeleza, ng'ombe hata masikio hakugeuza. Akawa analia huku na kule, na kiwele kinazidi kukaza. Mwishowe mama akajifunga ile kanga ya binti, isiyofuliwa, yenye jasho lake na harufu ya mafuta yake ya nazi. Akaegemea ubavu. "Shusha, bibi, shusha." Maziwa yakaja.

Yeye mwenyewe alinisimulia hivyo, na alipofika hapo akanitazama kwa namna ya mtu aliyekufungulia sanduku. "Si mimi niliyemkamua siku ile," alisema. "Wala sijamkamua hata leo. Mimi naazima mikono tu."

Ndiyo maana kanga haikuona sabuni. Akishamaliza na Semeni aliivua, akaitundika kwenye msumari wa nyuma, jua liipige. "Jua linaua wadudu," alisema, na kwa kitambaa cha ng'ombe mwingine yeyote angekupiga kibao kwa maneno hayo. Sisi majirani tuliona, tukanyamaza. Utamwambiaje mtu afue alichobakiwa nacho?

Miaka ikaenda hivyo. Kisha ikaja ile simu.

"Mwanangu," alisema, bila salamu, "bwana mifugo kanitukana."

"Kakutukana vipi, mama?"

"Kaniambia nifue. Nimemfukuza."

Nikamwomba anieleze taratibu. Semeni alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa kiwele. Chuchu moja ilikuwa imeshakufa, haitoi kitu tena. Alitibiwa, akapona, akaugua tena. Akatibiwa tena, ukarudi, na sasa ng'ombe wa pili naye alikuwa ameanza kutoa vibonge. Bwana mifugo, kijana mtaratibu ambaye siku zote alinawa bila kuambiwa, alikagua kila kitu, akasifu kila kitu, akashindwa kuelewa. Halafu akazunguka nyuma, akauona msumari.

Nilimpigia na yeye. Alikuwa na huzuni kweli. "Dada, mimi najua ile nguo ni ya nani, nimeambiwa. Lakini mama anamtibu ng'ombe asubuhi, jioni anamrudishia ugonjwa kwa pindo lile lile. Akipoteza chuchu nyingine huyu hana kazi tena. Ni wa kuchinjwa. Na atakuwa amemwambukiza mwenzake."

Nikaenda Msimbu siku hiyo hiyo, nikafika alasiri. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nina maneno ya kumshawishi na hasira kidogo, maana nilimpenda Semeni na nilimpenda marehemu, na sikuona kwa nini mmoja afe kwa ajili ya mwingine ambaye alishakufa. Nikanawa. Nikaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kanga mapajani, na jikoni sufuria la maji lilikuwa linachemka. Alikuwa amezeeka tangu nilipomwona mara ya mwisho. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Hakunipa nafasi ya kusema hata neno moja la yale niliyoyaandaa.

"Nikiifua, anaondoka," alisema. "Nisipoifua, ng'ombe wake anaondoka. Nimemwuliza tangu asubuhi. Hajibu."

Nilikaa chini kwenye mkeka.

"Mimi pua yangu imezeeka," aliendelea. "Wewe ulikuwa unachota naye maji, mnavaliana nguo. Unaijua harufu yake. Inuse. Niambie kama yumo."

Akanipa kanga. Ilikuwa ngumu kama ngozi upande mmoja, na nyepesi kama utando upande mwingine. Kwenye maandishi lilibaki neno SEMENI na alama za herufi nyingine. Nilitamani sana kusema yumo. Namwambia Mungu, nilitamani. Lingekuwa neno moja, na yule mama angefurahi, na mimi ningerudi Tumbi. Nikaifikicha puani. Maziwa yaliyochacha. Moshi wa kuni. Samadi. Na chini ya hayo, harufu ya mtu, niliyoijua tangu nikiwa mdogo, ya kiunoni pale nilipokuwa nikimkumbatia akinikanya.

"Harufu ipo," nilisema.

Akanyanyua uso.

"Ni yako, mama. Ni wewe mtupu."

Nilidhani atanifukuza, kama alivyomfukuza bwana mifugo. Badala yake alinyanyuka, akashika kiuno, akaenda kuchukua beseni. Aliifua yeye mwenyewe, akanikataza kusaidia. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai yake. Akayamwaga kwenye majani ya tembo, akamimina mengine ya moto, akafikicha tena, midomo inacheza bila sauti. Sijui alikuwa anasoma dua au anaomba radhi. Alipoianika kwenye kamba, jua lilipita moja kwa moja katikati yake. Hata kitambaa chenyewe kilikuwa kimebaki kidogo.

Saa ya kukamua ikafika, na hilo halingojewi. Tulianza na mzima, tukafuata aliyeanza kuugua, Semeni wa mwisho, kama alivyotufundisha wote. Aliingia kwake akiwa na dera tu na kitambaa cheupe kilichochemshwa. Semeni aligeuza kichwa, akamtazama kiunoni. Niliona kabisa akitazama kiunoni. Akapiga mguu chini, ndoo ikalia.

Mama Maziwa akasimama. Alimwosha kiwele, akamkausha, akashika chuchu, pakatoka matone tu. Akasubiri. Nikajua anasubiri nini, na mimi nikawa nasubiri pamoja naye, nimeshika nguzo, na nasema kweli nilihisi kuna mtu wa tatu amesimama nyuma ya banda anasubiri vilevile. Sikugeuka.

Kisha yule mama, kwa uchovu nadhani, aliinamisha paji la uso akaliegemeza ubavuni mwa Semeni. Yale maneno ya binti hayakumjia, au aliona hana haki nayo tena. Aliegemea tu, kama alivyoegemea kila siku tangu msiba. Ng'ombe akashusha pumzi ndefu. Nikasikia ndoo inaanza kuimba.

Alikamua mpaka mwisho, kila chuchu ikawa tupu, maana kiwele kinachoumwa hakitakiwi kubaki na kitu. Maziwa yalikuwa na dawa, ya kumwaga. Akatoka nayo nje, akayatazama ndani ya ndoo.

"Ananijua mimi," alisema.

Nikasema, "Ndiyo, mama." Nilikuwa nimefurahi, mjinga mimi, nilikuwa natabasamu.

"Miaka yote hii nikajua anamshushia mwanangu." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hayafuti. "Kumbe alikuwa ananishushia mimi. Kumbe mwanangu aliondoka siku ile ile, nami nimekaa na nguo."

Tabasamu likanifia mdomoni. Nilimshika mkono, akaniachia nimshike. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo, hata makaburini hakulia. Alilia kama mtu aliyeletewa taarifa sasa hivi, msiba mpya kabisa, na mimi ndiye pekee niliyehudhuria. Nililia naye. Yule wa tatu niliyemhisi nyuma ya banda hakuwepo tena. Palikuwa na msumari tu, na hilo lilinitisha kuliko mwanzo.

Hodi ilipigwa mlangoni. Alikuwa mzee wa Mzenga na kofia yake, msimu umefika. Aliyaona machozi yetu, akataka kurudi, Mama Maziwa akamwashiria asimame. Akamwaga yale maziwa kwenye shimo la samadi, akasuuza ndoo, akaifudikiza. Wakajuliana hali. Mvua? Mvua haijambo. Mzee akakohoa.

"Yule mtamba, mama. Labda leo umwulize mwenyewe."

Nilimwona akigeuka kuelekea nyuma ya banda, kwa mazoea, mguu mmoja umeshatangulia. Akasimama. Kanga ilikuwa kwenye kamba, mbele ya macho yetu, inachuruzika maji. Akamgeukia mzee.

"Mwenyewe ni mimi," alisema. "Na mtamba simuuzi."